Maji Yasiyo na Chumvi

Alfajiri Mwanawema alitoka na ndoo yake ya plastiki, akaiweka chini ya mfereji wa bomba ulio mbele ya nyumba, akafungua. Mfereji ulikohoa, ukatema mchanga kidogo, kisha ukatoa kicheko. Kilikuwa kicheko cha watu wengi, kinene mwanzoni, na kadiri alivyozidi kufungua kikawa chembamba. Ndoo ikajaa mpaka ukingoni. Alipoinyanyua haikuwa na uzito wowote.

"Leo tena hamna," alimwambia binti yake, Ummi, aliyekuwa amekaa kizingitini na tumbo lake. Akaimwaga ile ndoo chini ya mgomba, akachukua madumu, akaenda zake pangoni.

Mawemengi ni kijiji cha juu ya jiwe, si mbali na Micheweni. Ukichimba unakutana na jabali. Maji wanayotegemea yamo pangoni: unapanga foleni, unashuka kwa mawe yanayoteleza, unachota kwa kikombe, na ukishayapandisha juu bado yana chumvi. Mabomba yalikuja, yakafukiwa, kila nyumba ikapewa mfereji wake, na siku ya uzinduzi utepe ulikatwa na ngoma ikapigwa. Maji ndiyo hayakuja. Mpaka hapo hakuna jipya.

Habari ya kicheko ilipomfikia Sheha Ahmada, kiongozi wa kijiji, alileta fundi kutoka Wete. Fundi alifungua mfereji wa Mwanawema, akatega sikio, akakaza nati.

"Presha ipo," alisema. "Bomba halijapasuka. Kinachotoka ndicho kilichoingizwa."

Akapangusa mikono kwenye suruali, akawasha pikipiki yake. Sheha akapeleka taarifa wilayani kwamba huduma imeanza kupatikana.

Na kilichoingizwa kila mtu anakijua. Mwakilishi wao, Mheshimiwa Msellem, ni mtu wa mzaha. Alipokuja mara ya kwanza kuomba kura alichambua nasaba mpaka akaipata anayoitaka: bibi yake alikuwa mtoto wa mjomba wa fulani wa hapo kijijini. Basi, akawa mtani wa kijiji kizima. Na Mawemengi mtani hakasirikiwi. Mtani anaweza kukwambia una sura ya pweza siku ya harusi yako, nawe ucheke. Ukinuna, aibu ni yako, na mama yako atasemwa kuwa hakukulea. Walimkubali wenyewe, kwa makofi, hakuna aliyewashika mkono. Tokea siku ile hapakuwa na mtu aliyemuuliza jambo likabaki kuwa swali.

Walimuuliza maji. "Maji yameshatoka Wete," aliwajibu. "Yanakuja kwa miguu. Na watu wa Wete mnawajua nyie, kila wanapoona baraza lazima wakae kitako!" Watu walicheka wakashikana mabega. Mwaka uliofuata aliyesimama kuuliza alikuwa Saada, mke wa Haroub, naye mjamzito, kasimama kwa tabu. "Mtani," Mheshimiwa alimwambia, "wewe ukikoga, Haroub atakutambua kwa kitu gani?" Saada mwenyewe alicheka, akakaa. Mwanawema, aliyekaa ubavuni kwake, alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mwezi uleule Saada alikwenda kujifungua spitali. Huko kila mzazi huenda na maji yake; siku hiyo wanawake walikuwa wawili na dumu la maji lilikuwa moja. Mtoto alitoka salama. Mama ilimshika homa, haikumwachia, wakamzika.

Sasa ilikuwa zamu ya Ummi. Ummi kaolewa Wesha, kwenye nyumba ambayo maji yanafika hadi jikoni. Lakini mtoto wa kwanza mwanamke humzalia kwa mamaake, ndivyo ilivyo, na mama mkwe alimfungashia kanga na udi akamleta mwenyewe. Mwanawema alimpokea kwa vigelegele, jicho likiwa kwenye madumu. Amwambie nini mwanawe, baki kwa wakweo? Hakuna mama wa Mawemengi anayeweza kuutoa mdomoni mwake usemi huo. Badala yake, kila siku kabla ya kwenda kwenye mwani wake alishuka pangoni, akajaza madumu, akayapanga chini ya kitanda cha Ummi. Na kila siku yalipungua, maana watu wanakunywa, wanapika, wanatawadha. Mwanawema akawa hakai. Akikaa, mara aliinuka kwenda kuyahesabu upya.

Kicheko, watu walikizoea. Wengine waliufungua mfereji wakati wa kufua ili wachangamke. Ukiuacha wazi kwa muda, chini ya kicheko cha karibuni kilikuja cha zamani, cha wazee waliokwisha kuzikwa, na chini yake kabisa kicheko cha watu waliokaa mbele ya mudiri, mtawala wa eneo enzi za Sultani, naye kaulizwa habari ya maji. Jibu la mudiri lilisikika pia, kwa mbali: maji yanakuja kwa baiskeli. Waliomfuatia walisema yanakuja kwa punda. Mheshimiwa Msellem alisema kwa miguu. Mwanawema alilifikiria hilo akiwa anafunga mwani kwenye kamba, akaona kwamba maji yalikuwa yanazidi kupunguza mwendo.

Haroub alikuja kila asubuhi na kigoda chake, akakaa mbele ya mfereji wa Mwanawema, kwa sababu hapo Saada alisikika vizuri zaidi.

"Fungua pole pole, Bi Mwanawema," alikuwa akisema. "Yeye yupo baada ya Sheha." Mwanawema akifungua, Sheha akicheka, halafu Saada, kicheko chake kifupi cha puani. Na juu ya Saada, kwa sauti kubwa kumshinda, kicheko cha Mwanawema mwenyewe. Hapo Haroub akiinua mkono. "Basi, funga," alikuwa akisema. "Asije akaisha."

Uchaguzi ukakaribia, ikatangazwa kuwa Mheshimiwa anakuja. Mwanawema alizunguka nyumba kwa nyumba. "Safari hii tusicheke," aliwaambia watu. "Atasema atakalosema, sisi tumtazame tu, mpaka atujibu." Watu waliona ni maneno ya haki. Waliahidi, wengine waliapa. Sheha Ahmada alisema atajitahidi, lakini naye ana kazi yake. Haroub alisema kwa upande wake haitakuwa tabu.

Asubuhi ya mkutano Sheha alipita akiomba maji ya wageni, ya chai na ya kutawadhia. Mwanawema alisimama mlangoni akamtazama. Mgeni hanyimwi maji, hata mgeni huyo. Akainama chini ya kitanda, akatoa madumu moja baada ya jingine, akabakisha moja. Kisha akajaza jagi kwenye mfereji, akalifunika kwa kawa, akamwacha Ummi na jirani yao Mwanapili, akaenda uwanja wa skuli.

Mheshimiwa alishuka garini na kanzu iliyopigwa pasi vizuri, akasalimia kwa majina, akauliza hali za ng'ombe na za waume. Watu walimwitikia kwa heshima wala hawakucheka. Alitupa mzaha mmoja kuhusu barabara, ukaanguka chini. Akatupa mwingine. Uwanja ulimtazama. Mwanawema akasimama.

"Mheshimiwa, mwanangu anazaa siku hizi mbili tatu, na spitali wanataka twende na maji yetu wenyewe. Saada alikuuliza hapahapa, ukamjibu utani, na Saada tumemzika. Leo nauliza mie. Maji lini?" Akafunua jagi. "Na haya ndiyo yanayotoka."

Bendera ilisikika ikipepea. Mheshimiwa alikuwa kama mtu anayetafuta funguo mfukoni asizipate. Ilikuwa kitambo kidogo tu, lakini wote walikiona, na Mwanawema akasogea mbele kulisubiri jibu.

"Lete nionje, mtani," alisema Mheshimiwa.

Akalipokea jagi kwa mikono miwili, akalinywa lote. Kisha akafunua mdomo, wakatoka wao. Kilitoka kicheko cha Sheha, kikatoka cha wazee wa mudiri, na mwisho, kwenye kipaza sauti, kifupi, cha puani, kikatoka cha Saada. Haroub aliinuka pale alipokuwa.

"Mheshimiwa," alisema kwa adabu, "kama si taabu, rudia huyo wa mwisho."

Mheshimiwa hakumsikia. Alifuta midomo kwa leso, akaitazama hadhara, uso wake umesharudi mahali pake.

"Jamani watani zangu! Maji ya pango lenu nimeyanywa miaka na miaka, yana chumvi mpaka ulimi unajikunja. Haya mnayoyalalamikia hayana chumvi hata chembe!"

Wa kwanza kucheka alikuwa Sheha. Halafu nyuma kabisa mtu mmoja alipasuka, akafuatwa na wenzake, halafu wanawake walioapa, halafu uwanja mzima. Mwanawema aliuma kanga yake kwa nguvu. Mabega yalimtikisika, akayashika kwa mikono. Alikuwa na hasira ya kuweza kulia, na aliuliza tena, "Maji lini?", lakini muziki ulishawashwa. Haroub alikuwa ameshika kioo cha gari, anamwomba tena Mheshimiwa aliyekwishapanda, gari ikaondoka.

Mwanapili akaja mbio: Ummi kashikwa na uchungu. Walimpeleka kwa gari ya ng'ombe, na dumu moja likiwa katikati ya miguu yao.

Spitali, mkunga Ummkulthum alimpokea Ummi, akamlaza, akanyoosha mkono kwenye mfereji wa ukutani kwa mazoea, akafungua. Kilitoka cha leo. Kilikuwa bado kibichi, na juu ya vyote, bila kanga wala kitu cha kukizuia, kilikuwa kicheko cha Mwanawema. Mwenyewe alikitambua mara moja. Mkunga akafunga.

Ummi alijifungua kabla ya magharibi, mtoto wa kike, akalia vizuri. Ummkulthum alitoka nje ya pazia na dumu tupu mkononi.

"Moja halijatosha, Bi Mwanawema. Damu haijakatika. Fanya haraka."

Mwanawema alilichukua akakimbia. Njiani alikutana na watu waliobaki kwenye muziki wa uwanjani, ndio kwanza wanarudi, bado wanapangusa macho. "Umemsikia mtani, yakhe? Hayana chumvi!" Aliwapita. Pangoni wanawake walipomwona walivunja foleni wenyewe, wakamshika mkono kumteremsha, wakachota pamoja naye, kila mmoja na kikombe chake. Dumu lilipojaa lilikuwa zito. Alilibandika kichwani, akaanza kupanda yale mawe upesi kuliko inavyofaa, na maji yakaruka kwenye mdomo wa dumu, yakamteremka usoni, yakamwingia kinywani. Yalikuwa na chumvi.