Matangazo ya Ghorofa ya Kumi na Mbili

Ulimwona. Usiniambie hukumwona. Uliingia ndegeni na begi lako, ukamkuta kwenye safu ya mwisho kabisa, mwanamke kati ya wanaume wawili wasio na mizigo, mikono yake imefunikwa blanketi na humo ndani joto tupu. Ukajua chini ya blanketi kuna nini. Ukafunga mkanda, ukafungua lile jarida la kiti cha mbele, ukasoma bei za manukato mpaka ndege ikaruka naye.

Mimi nilikuwa naisikiliza ndege yako.

Naitwa Zuberi, mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura, na huu ni mwaka wangu wa ishirini na tisa Brussels. Alfajiri nasafisha ofisi kwenye ile minara ya Gare du Nord. Saa tatu asubuhi nimesharudi nyumbani, ghorofa ya kumi na mbili, mtaa wa pili kutoka stesheni, nimekaa mbele ya redio. Wastaafu wa nchi hii wanafuga njiwa. Mimi nasikiliza marubani wakizungumza na mnara wa kuongozea ndege. Antena yangu nimeitengeneza mwenyewe, nikaifunga kwenye kamba ya kuanikia nguo, nikaitundikia shuka isionekane. Na lazima uwe juu: ndege ikishakuwa angani hata mtu wa chini anaipata, lakini ndege ambayo bado imesimama uwanjani Zaventem sauti yake ni dhaifu, inatambaa, haifiki kwa mtu wa ghorofa ya pili.

Sikusomea. Mwaka tisini na tatu nilikuwa nafagia ngazi za mnara wa kuongozea ndege kule Bujumbura, na mlango wa juu ulikuwa hauna kitasa. Nilijifunza kwa kusimama na fagio. Siku wageni walipoondolewa mji ukiwaka, rubani mmoja aliripoti abiria sitini na wanne na mbwa wawili. Wapishi wa abiria hao walikuwa wamesimama nje ya uzio, nawaona pale dirishani. Sauti ya rubani ilikuwa tulivu. Mbwa wawili. Miaka zaidi ya thelathini imepita na sijasahau, na sina nia ya kusahau.

Matangazo niliyaanza kama mchezo. Niliyarusha kwenye mtandao, wakaja wasikilizaji mia moja hivi, wengi wao wazee wa Kiflandri wanaotaka kujua ni ndege gani inapita juu ya bustani yao. Halafu wakaja wengine: dada, waume, mama wa watu waliofungiwa centre fermé, lile jela la wasio na karatasi za ukaazi. Walitaka kujua kitu kimoja tu, kama ndege imeondoka au haijaondoka. Sheria ya hapa inakataza. Kusikiliza ni kosa, kurusha ni kosa kubwa zaidi. Kwa hiyo nilijiwekea kanuni: sauti yangu isisikike humo hata siku moja.

Fundi wa kweli angeunganisha waya. Mimi niliweka simu mbele ya spika na kukaa kimya, jinsi tulivyokuwa tunarekodi nyimbo za redio kwenye kaseti kule Buyenzi, nyumba nzima imeshika pumzi. Ujinga wangu huo. Jumatatu moja akaingia jirani yangu Bienaimé, mtu wa Bukavu, mtu ambaye hawezi kuingia kwako bila kukusalimia mpaka na ukoo wako.

"Papa Zuberi! Ascenseur imekufa tena, njo nimepanda na miguu mpaka ku douzième. Bon, habari ya mukubwa wa Buyenzi? Na antenne yako, ingali inafanya?"

Nilimpungia mikono anyamaze. Akadhani namkaribisha, akakaa. Akaniuliza kama siku hizi nimekuwa bubu. Jina, ghorofa, mtaa niliozaliwa, antena: vyote vilikwenda hewani.

Siku tatu baadaye wanaume wawili walimuuliza msimamizi wa jengo kama anamjua mpangaji mwenye antena. Tangu siku hiyo sikulala vizuri. Nilizima matangazo. Lifti ikilia kwenye korido mimi nasimama nyuma ya mlango, napumua kwa mdomo wazi ili pua isilie. Nina karatasi, ndiyo. Nimewaona wenye karatasi wakiitwa ofisini kuulizwa maswali madogo.

Bahati, si yule wa ndege yako bali binti wa kwetu Bujumbura ambaye huniita tonton, mjomba, naye aliitwa kwa swali dogo. Alikuwa anamtunza bibi mmoja wa Uccle, Greta, mzaliwa wa Kongo ya zamani, ambaye siku akili ikimpotea humwita Bahati mama. Barua ikaja kwamba aende ofisini kuhusu faili lake. Akavaa vizuri, akaenda, hakurudi. Ombi lake la ukimbizi lilikuwa limekataliwa mara mbili. Mumewe alichukuliwa na gari Bujumbura mwaka 2015, naye Bahati alimtaja kwa jina mtu aliyemchukua, akaandikisha kwenye ombi hilo, akasaini. Alinipigia kutoka ndani ya centre fermé, anaongea polepole kama anayesoma.

"Tonton, ule mwenye alibeba bwana yangu, siku hizi anatumika kazi pale airport ya Bujumbura. Nitashuka ngazi, nitamukuta chini."

Tarehe ya kumrudisha ilikuwa Ijumaa, ndege ya saa nne na nusu asubuhi.

Sumaya, mdogo wake, ndiye aliyekuja kuniomba niwashe matangazo. Mpango wake ulikuwa ule wa siku zote wa ndugu wa waliofungiwa: unasimama kwenye foleni ya kukagulia tiketi, unawapa abiria karatasi inayosema kuna mtu anapelekwa kwa nguvu, na kwamba watu wakikataa kukaa, rubani hawezi kuondoa ndege. Safari hii alitaka chini ya karatasi iandikwe anwani ya matangazo yangu, ili abiria wasikie wenyewe. Nilimwambia wananitafuta. Akaiandika anwani ile kwenye karatasi mbele yangu. Nikamwambia nitawasha, lakini sitasema neno.

Ijumaa saa tatu na robo niliwasha. Simu ilinianguka mara mbili. Wasikilizaji kumi na moja, wakawa arobaini, wakawa tisini. Sumaya alikuwa amebaki ukumbini pale Zaventem na karatasi zake, anasikiliza pamoja nao. Saa nne na dakika ishirini na tisa rubani wa ndege ya Bujumbura aliuambia mnara kwamba hayuko tayari, abiria wamesimama. Aliomba dakika kumi.

Kisha ukaingia ujumbe wa maandishi kwenye ukurasa wa matangazo. Mwandishi alijiita Rolande.

"Niko ndani, siège 31. Ule maman wa nyuma anaria sana, banamufinya shingo. Banatuambia captain amekataa kumushusha, eti mwenye hatakaa polisi itamubeba. Batu banaanza kukaa. Ni kweli? Telefone naificha mu kitambaa ya kichwa, siwezi kuandika tena. Nitasikia tu."

Nilimwandikia hapohapo. Ujumbe ukabaki bila kusomwa. Nikampigia Sumaya, hakuwa na namba ya huyo mama. Alimpa karatasi kama alivyowapa wengine.

Na kwenye redio nikasikia kinyume cha walichoambiwa. Mnara ulimwambia rubani kwamba nafasi yake ya kuruka inapotea ndege isiposukumwa kutoka kwenye maegesho ifikapo saa nne na dakika hamsini na mbili, na kwamba ikipotea hakuna nyingine kabla ya saa saba mchana. Rubani akajibu kwamba ikifika hapo atafungua mlango na kumshusha abiria mwenye wasindikizaji, hawezi kuwaweka watu wengine wote wakisubiri. Hakukataa kitu. Wale waliosema amekataa walikuwa wanasema uongo ndani ya ndege yake mwenyewe. Lakini alisema kwa lugha ya marubani, maneno yamekatwakatwa kwa namba na herufi, na mama wa kiti cha thelathini na moja hakuweza kuelewa.

Ilikuwa saa nne na dakika arobaini na mbili. Simu yangu nyingine ikalia. Bienaimé, ananong'ona, na sijawahi kumsikia Bienaimé akinong'ona.

"Papa, bako huku chini. Babili. Banauliza muntu wa antenne. Ascenseur haitembee, banaanza kupanda."

Ningezima, ningetoa shuka na antena, ningesukuma redio nyuma ya friji. Sauti yangu haikuwa kwenye rekodi yoyote. Lingekuwa neno la Bienaimé tu, na Bienaimé ana mdomo kila mtu anaujua. Ghorofa kumi na mbili zinatosha kuficha redio. Nilishika swichi. Kidole kikakaa pale.

Nikainamia simu.

"Maman wa siège 31, ni mimi mwenye redio. Wanakudanganya. Captain hajakataa. Amesema mwenyewe, ikifika dakika ya hamsini na mbili anafungua mlango. Usikae. Waambie wote wasikae. Ni dakika tisa tu."

Nikarudia kwa Kifaransa. Nikarudia kwa Kirundi. Baada ya hapo sikuwa na cha kuficha, na woga wangu ukawa mkubwa kuliko mwanzo, usidhani kuna ushujaa hapa.

Redio ikanyamaza. Ukisikiliza ndege iliyosimama, kimya hakikuambii kitu. Labda wamesimama. Labda wamekaa na rubani anamalizia hesabu zake. Mlango wa ngazi huko chini ulifunguliwa, nikasikia viatu, vizito, vinapumzika kila ghorofa.

Dakika ya arobaini na saba rubani aliomba gari la wagonjwa.

Mwaka tisini na nane, kwenye kiwanja hichohicho, msichana aliyekuwa anarudishwa kwao alikandamizwa mto usoni na askari ndani ya ndege, na jioni akafa. Wewe umesahau. Mimi nakumbuka mwezi, nakumbuka mvua siku ya maandamano. Niliposikia gari la wagonjwa, niliuona ule mto. Nilitaka kupunguza sauti ili Sumaya asisikie, lakini alikuwa ameshasikia. Namba yake ilikuwa inawaka kwenye simu yangu na sikuipokea, kwa sababu sikujua nimwambie mdogo mtu nini.

Arobaini na tisa. Viatu vilikuwa ghorofa ya nane. Hamsini. Nilikuwa nasema peke yangu, funguka, funguka, kama kichaa. Hamsini na moja mnara ulimuuliza rubani kama yuko tayari, na rubani akauambia usubiri kidogo, na hilo kidogo likawa refu kuliko usiku wowote wa vita niliowahi kukaa chini ya kitanda.

Hamsini na mbili. Hamsini na tatu.

Rubani akasema nafasi imepotea, anafungua mlango wa mbele, anashusha abiria mmoja na wasindikizaji watatu. Na mgonjwa ni mzee wa kiti cha mbele aliyesimama muda mrefu mpaka sukari ikashuka. Anaongea, yuko sawa.

Nikampigia Sumaya. Nilimwambia yu hai, anashuka. Alikuwa hajamaliza kulia, mlango wangu ukagongwa.

Polisi wale wawili walichukua redio, antena, simu zote mbili, hata redio ya jikoni ya kusikilizia habari. Kituoni afisa mmoja, Nele, mwanamke mpole, alinichezea ile rekodi akauliza kama ni sauti yangu. Nikasema ndiyo. Jioni waliniachia na barua ya mahakama. Rolande naye alishushwa, akahojiwa, akanitafuta kupitia Bienaimé, ambaye kila Mkongo wa mji huu anamjua, ili aniambie maneno mawili: "Tonton, sikukaa."

Bahati alirudishwa centre fermé, kifundo cha mkono kimevimba, hawezi kushika kijiko. Jana amepewa karatasi mpya ya kurudishwa. Alhamisi, ndege ileile, saa ileile, na wasindikizaji sita badala ya watatu. Aliniuliza kupitia simu ya Sumaya kama nitakuwa nasikiliza. Nikamwambia ukweli kwamba sina tena kitu cha kusikilizia.

Leo ni Jumatano. Kesho hakuna atakayekutafsiria rubani anasema nini, kwa hiyo nakuambia leo: watakapokwambia amekataa kumshusha, usiwaamini. Rubani ana saa yake, na saa yake inakwisha. Kama una tiketi ya ndege hiyo, simama na ubaki umesimama mpaka mlango ufunguliwe. Kama huna tiketi, Sumaya ana karatasi mia tatu na mikono miwili tu. Atakuwa kwenye ukumbi wa kuondokea kuanzia saa moja asubuhi, foleni ya Bujumbura. Treni ya saa kumi na mbili alfajiri inatoka Gare du Nord. Mpigie simu mtu mmoja sasa hivi, mwambie mnakwenda pamoja. Kisha weka saa ya kuamka, na uende.