Marefu Meusi ya Mianda

Vumbi la Kapata huamka kabla ya watu. Mwezi wa saba, baridi ikiwa bado imekaa juu ya mabati, jua huchungulia upande wa mgodi na vumbi husimama barabarani, jekundu, jepesi, halina haraka. Linaingia kwenye sufuria. Linaingia kwenye kope. Linalala juu ya shuka ulizofua jana na kuzianika ukiwa na matumaini. Na katikati ya vumbi hilo, Mianda, kwenye ukuta kati ya mlango wangu na mlango wako, maua yako, yale marefu, yamechanua tena.

Nakuambia kwa sababu hukuyaona hata mara moja.

Tulikuwa tunachagua maua, Mianda. Dunia inapasuka, sisi tunachagua maua.

Hapa Kapata, mtaa wa wachimbaji, nyumba zote ni moja. Kampuni ilizijenga kwa mistari, ikazipaka rangi moja, ikazipa namba ambazo hakuna aliyezishika kichwani. Mgeni akishuka njia panda haulizi namba. Anaambiwa: pita nyumba ya maua ya manjano, pinda kwenye ile ya majani mekundu, ukiona nyeupe ndogondogo umefika kwa akina Kabamba. Kila mke aliyeletwa hapa alijua kazi yake ya kwanza, kabla ya kufungua sanduku la vyombo: kuchagua ua ambalo mstari mzima hauna. Ukiiga la jirani, wageni wako wataishia kula kwake, naye atakununia mpaka mvua nyingine.

Mimi na wewe tulikuwa na shida yetu. Nyumba zetu ni pacha, zinaegemea ukuta mmoja, na mbele yake kuna ukanda mmoja wa udongo. Kwa hiyo ua lilipaswa kuwa moja, la wote wawili. Ndipo vita yetu ilipoanza.

Mbegu ulipewa na masista uliokuwa ukiwashonea. Ulikuja nazo kwenye mfuko wa aproni, vipakiti vinne vya karatasi, ukavipanga juu ya kizingiti changu: meupe, manjano, waridi, meusi. Jina lake la Kifaransa, rose trémière, lilitukaa vibaya mdomoni, tukayaita marefu tu, kwa kuwa sista alikuambia yanapita kichwa cha mwanaume. Mbegu zenyewe zilikuwa bapa na kavu, za kupulizwa na pumzi ya mtoto. Tuliziinamia asubuhi nzima, mboga ikaungua kwako, mboga ikaungua kwangu.

Mimi nilitaka ya waridi, yale yaliyojaa, petali juu ya petali, gauni la komunyo kabisa. Wewe ulitaka meusi.

"Eh, Mianda! Maua ya kilio hayo!" nikakuambia. "Batu banapita hapa bataulizia maiti iko wapi!"

Ulicheka mpaka ukashika ubavu. "Odile, roze iko mingi mu mustari. Nyeusi hakuna mutu iko nayo. Na we ngoja jua ipite mule ndani, ndio utaniambia kama ni nyeusi."

Na lazima iwe aina moja, ulisema, moja tu. Ukipanda mbili, nyuki watazichanganya, na kiangazi kitakachofuata hutajua tena ulipanda nini. Nilinuna siku nzima. Jioni nikachukua jembe, nikachimba ukanda wote, nikakuambia haya, weka maiti yako.

Kumbuka pia tulivyocheka juu ya kile kipakiti. Kiliandikwa bustani ya kiangazi. Kiangazi cha masista, kule kwao Ulaya, ni joto na majani mabichi. Chetu ni baridi, upepo na midomo iliyopasuka. Mvua imekwenda, hakuna kinachosimama. Mwanamke mwingine angetupa zile mbegu. Wewe ulisema vizuri hivyo, kila kitu kikiwa kimekufa, ya kwetu yatakuwa yamesimama, hata kipofu ataulizwa njia na ataielekeza. Tukayanywesha maji ya kuoshea mchele. Tukayanywesha maji ya sabuni yaliyobaki baada ya kufua. Bomba la kampuni lilipoanza kukohoa na kukauka, tukayagawia na yale ya ndoo, kikombe changu, kikombe chako.

Mwaka wa kwanza yalitoa majani tu. Mapana, yamelala chini, yana vinyweleo. Banza, mume wangu, alikuwa akitoka kazini anasimama pale na kofia yake ya mgodi, anatikisa kichwa. "Sasa ba mama, mulipanda mboga? Si tutie karanga, tukule?" Ukamweleza kwa subira, wewe uliyekuwa na subira kidogo sana, kwamba ndivyo yalivyo, mwaka wa kwanza yanajenga mzizi, ua ni mwaka kesho.

Mwaka kesho. Tulilisema neno hilo kirahisi, mdomo umejaa.

Maana wakati huo huo, Mianda, vitu vilikuwa vinaanguka. Mgodi ulianguka ndani kwa ndani. Malori makubwa yalisimama, watoto wakayafanya mahali pa kujificha. Duka la kampuni likafunga dirisha moja, kisha la pili, na unga ukawa hadithi. Na barabarani watu walianza kusema bilulu, wadudu, na hawakuwa wanasema juu ya bustani. Walikuwa wanasema juu yenu, watu ambao babu zao walitoka Kasai. Nilisikia. Ulisikia. Ulizaliwa kwenye hospitali ile ile niliyozaliwa mimi, baba yako alichimba shimo lile lile alilochimba baba yangu, Kasai yenyewe uliijua kwa nyimbo za bibi yako tu. Tulikaa kizingitini, neno lile likapita mbele yetu barabarani na vumbi lake, nami nikakuambia labda tuweke mbolea ya kuku. Ukasema ndiyo, lakini kidogo, isije ikachoma mizizi.

Moyo wangu ulitaka kusema: Mianda, naogopa. Mpaka leo neno hilo halijapata pa kwenda.

Tulikuwa tunachagua maua. Wenzetu walikuwa wanachagua watu.

Walikuja mchana kweupe, mvua zikiwa bado zinanyesha, vijana wa lugha yangu mimi, wengine niliwajua tangu wanabebwa mgongoni. Waliuliza mlango kwa mlango: babu yako alitoka wapi? Kwenye nyumba zetu waliuliza mara mbili, maana ukuta ni mmoja na milango ni miwili. Mlango wangu wakauacha. Wa kwako wakausukuma. Mume wako Tshibangu alitoka na cherehani yako kichwani, yule karani aliyekuwa hataki vumbi liguse kiatu chake, akatembea nayo matopeni bila kugeuka. Wewe ukatoka na watoto na sufuria moja. Ukawauliza wale vijana, si kwa hasira, kwa mshangao tu: "Sasa mi niende wapi?"

Ukasimama kwenye ukanda wetu. Ukaniangalia. Nilidhani utalia, au utanitukana, na ningekushukuru kwa lolote kati ya hayo.

"Odile. Ni nyeusi. Usiache ichanganyike. Siku nikirudi, mu nyumba mutakuwa batu bengine. Kwetu nitajulia na nini?"

Nikakuahidi. Mkono wangu mmoja ulikuwa umeshika ukuta, na ukuta ulikuwa na baridi.

Pale gare, kwenye stesheni, mlikaa majuma mengi chini ya maturubai, mkingoja treni. Nilikuletea bukari ya unga wa mahindi na sombe ya majani ya muhogo, na kila mara, kabla ya kufunua sahani, uliuliza kama yametoa shina. Bado, nilisema. Bado. Asubuhi yalipotoa shina nilikimbia na sahani yangu, nikipanga maneno njiani, nikicheka peke yangu. Nikakuta reli tupu, masufuria yaliyosahauliwa, na mafiga yenu matatu, makaa yake bado yana joto. Nilichutama pale nikayaotea moto, sijui kwa nini. Bukari ikapoa.

Yalichanua kiangazi hicho hicho, Mianda. Yakampita Banza kichwa kwa urefu wa mkono mzima. Yalianza chini, ua moja, jingine juu yake, yakipanda polepole, na barabara nzima imekufa kwa vumbi, yako yamesimama. Asubuhi moja jua likapita nyuma yake. Si nyeusi! Ndani yake ni wekundu wa chai ya rangi iliyokolea kwenye glasi. Nilipaza sauti, "Umeshinda, dada!" nikagonga ukuta, kama tulivyozoea kugongeana.

Basi nikaanza kazi ya kutimiza ahadi. Mbegu zilianguka, zikaota zenyewe, na nyuki wakafanya ulichosema. Walitoka bustani za mistari mingine, walitoka hata nyumba ambazo wenyewe wamefukuzwa na maua yamebaki yakichanua hovyo hovyo. Yakatokea ya waridi. Yakatokea mekundu yaliyopauka. Huwezi kuyajua yakiwa majani, yote ni sawa. Inabidi ungoje lile la chini kabisa lipasuke kidogo lionyeshe rangi. Kwa hiyo kila asubuhi ya kiangazi nilipita na jembe langu, nachungulia. Jeusi, bakia. Waridi, ng'oa. Lililopauka, ng'oa. Niliyang'oa hata yale yaliyojaa petali, gauni la komunyo, niliyoyalilia siku ile. Banza aliniambia, "Odile, acha basi! Ni maua tu!" Nikamjibu kwamba hapa si kwao. Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu mwenyewe, nikaendelea kulima.

Nyumbani mwako kampuni ilimweka Henriette. Kijana, ametoka Kisenge, kule madini ya manganizi yalipokwisha mgodini na mume wake akahamishiwa huku. Nilimchukia bila haya. Kamba yako ya nguo ilibeba nguo zake. Kila asubuhi alinisalimu, "Jambo, mama," nami nikamjibu kwa koo tu. Sikumwambia juu yako. Niliona kukutaja mbele yake ni kukutoa mara ya pili.

Kisha kiangazi hiki, asubuhi, niko ukandani, nimeshika shina la waridi kwa mikono miwili. Lilikuwa refu kunipita, limejaa, na mzizi wake ulikuwa mkaidi, umeshatoka nusu. Henriette akatoka na mtoto mgongoni. Akasimama hapo hapo uliposimama wewe.

"Mama Odile," akasema, taratibu, kwa heshima. "Uyu alikosa nini?"

Nikamwambia si rangi yake, nyumba hii ni ya meusi.

"Lakini alizaliwa hapa hapa. Si ni mutoto ya ile nyeusi?"

Mianda, mikono yangu iliachia. Nilikaa chini, pale pale vumbini, mwanamke mzima, nikalia mpaka mtoto wake akaanza kulia nami. Nikamweleza yote. Mbegu, masista, cherehani kichwani, gare. Hakuwa akijua anakaa kwa nani. Akatazama mlango wako, akatazama kamba, akasema, "Sasa mi niende wapi?" Maneno yako, Mianda, mdomoni mwa mtu ambaye hajawahi kukuona. Nikamshika mkono. Nikamwambia hakuna anayekwenda popote. Tukalirudisha lile ua shimoni, yeye akalishikilia wima, mimi nikashindilia udongo, tukalinywesha maji ya vyombo.

Na jana Zakaria, yule anayeleta unga kwa lori kutoka Sandoa, alisimama mbele ya nyumba bila kuzima injini. Alikutana huko na wachuuzi waliotoka Mwene-Ditu, kule Kasai. Salamu zako zimefika. Unaishi. Unashona. Unauliza kitu kimoja: nyeusi ingali iko? Anaondoka tena leo, na wachuuzi wale wanamngoja. "Mama, niwape jibu gani?" akaniuliza, na mimi nikaangalia ukanda wetu. Ningeweza kusema iko. Neno dogo, lingekufikia, lingekupa usingizi. Nawe siku moja ungeshuka njia panda, ungetafuta rangi moja, ungepita nyumba yako mwenyewe.

Kwa hiyo mwambie hivi, Zakaria, usipunguze. Meusi yamebaki machache, upande wa kona. Mengine yamechanganyika, Mianda, nami sing'oi tena. Nimeshindwa ahadi yako, na inaniuma, inaniuma kila asubuhi. Usitafute rangi. Ukishuka, uliza Odile anayekaa nje. Nimetoa kiti, nimekiweka kwenye kizingiti pale tulipopanga vipakiti, na cha pili kiko kando yake. Henriette anasema chumba cha nyuma ni chako, amekwisha kukifagia.

Vumbi linaamka kabla ya watu, nami siku hizi naamka nalo. Likiinuka pale njia panda silifuti machoni. Najua kuna miguu chini yake. Nasimama, natazama ni nani anayekuja. Mpaka leo, kila mara, amekuwa mtu mwingine. Namwambia karibu.