Kona Iliyovujisha Mwanga

Kompyuta thelathini na mbili zilikuwa zikikokotoa kwa pamoja mafuriko ya mto: nusu katika chumba hiki cha chuo, nusu katika jengo la ng'ambo ya barabara. Kati ya nusu hizo ulipita uzi wa kioo mwembamba kama unywele, ukibeba mwanga. Zamu ya mwanafunzi mmoja kuzitumia ingekwisha saa kumi alasiri. Asipomaliza, tasnifu yake ingengoja mwaka mzima. Na tangu asubuhi kazi ilikuwa ikijikokota, maana kila hatua mashine za huku zilisubiri majibu ya kule, na majibu yalichelewa.

Shangazi yake, fundi wa nyuzi hizo, aliingia na mkoba begani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekula?"

"Nitakula nikimaliza."

"Kwa mwendo huu utakula mwakani. Hifadhi hesabu zako, uisimamishe kazi."

Shangazi alichomoa ncha ya uzi, akaichungulia kwa hadubini ndogo. Ilikuwa safi. Akapachika hapo kalamu ya taa nyekundu, akazima taa ya chumba. Nyuma ya kabati, palipofungwa nyuzi kwa kamba za plastiki, wekundu uliwaka kupitia ganda la njano kama kaa la moto.

"Nani kazifunga hivi?"

"Mimi, leo asubuhi. Zilining'inia ovyo, nikaona aibu. Nikazibana kama nyaya za umeme."

"Umezisuka mpaka zimetokwa na machozi." Shangazi alicheka chinichini. "Waya wa umeme unaukunja utakavyo, mwanangu. Mwanga ukibanwa kona kali namna hii, unatoroka; ujumbe unafika nusu, unatumwa upya."

Alikata kamba, akaonyesha mzingo mmoja, mpana kama sahani, kisha akamwachia mwanafunzi iliyobaki. Akazizungusha nyuzi moja moja, mizingo ikakaa. Kaa lile likazimika. Giza likawa ushahidi kwamba mwanga wote umebaki ndani.

Uzi uliporudishwa na kazi kuanza tena, majengo mawili yalihesabu kama kichwa kimoja. Mwanafunzi aliukodolea macho ule uzi, asiamini kwamba mto mzima ulikuwa ukipita humo bila hata kuutikisa. Saa kumi kasoro dakika saba, hesabu ya mwisho ilitua.

Shangazi alikuwa ameshafungua daftari la hitilafu. Alimsogezea kalamu.

"Chanzo, andika mwenyewe."

Akaandika, kwa herufi zinazosomeka: *Nilizibana mimi.*

"Vizuri," akasema shangazi, akifunga mkoba. "Sasa twende ukale."