Kurasa Nyeupe za Jubair

Alhamisi jioni Nuriya alitandika zulia la zamani sebuleni, akapanga mabeseni ukutani, kisha akachemsha kahawa. Mumewe, Jubair, alitunga mashairi kwa Kiarabu. Rafiki yao Kiumars alitunga kwa Kiajemi. Wote wawili walikuwa wameacha vina na mizani tangu ujana. Nje, joto la Ahvaz, mji wa kusini mwa Iran, lilikuwa linapungua, na bomba lilitoa maji ya chumvi kama kawaida.

Kila mmoja aliivunja lugha kwa namna yake. Kiumars alikata sentensi kabla haijafika mwisho. Alipokuwa akisoma, kahawa aliyomimina Nuriya ilisimama hewani kati ya birika na kikombe, ikasubiri. Jubair aliyatawanya maneno, moja huku, jingine kule, na katika nafasi zilizobaki yalitoka maji matamu. Majirani walikuja na madumu.

"Yako yanazuia, yangu yanamwaga," Jubair alisema.

"Yako yanaozesha zulia. Shemeji, mwambie mumeo atunge kitu kikavu."

"Mwache. Nina nguo za kufua."

Jubair alikuwa amezeeka bila kuchapisha hata kitabu kimoja. Kiumars alimwahidi kwamba watatoa kitabu cha pamoja. "Bila wewe sichapishi," alisema.

Mkaguzi wa vitabu wa serikali alikuja kutoka Tehran kuwasikiliza kabla ya kutoa kibali. Hakujua kwamba mgeni akitosheka hutikisa kikombe, kwa hiyo Nuriya aliendelea kummiminia, naye akaendelea kunywa huku jasho likimtoka. Kiumars aliposoma, kahawa ilisimama hewani. Mkaguzi akapata kupumua, akaandika kwamba lugha hiyo ni mpya na inafaa. Jubair aliposoma, maji yalimfika mkaguzi magotini. Akakunja suruali.

"Haya yanasemaje kwa Kiajemi?"

"Kwa Kiajemi hayatoi maji," Jubair alisema.

"Basi yatafsiriwe. Na sakafu yenu itapona."

Jubair alikataa.

Kitabu kilitoka majira ya baridi. Kiumars alikileta mwenyewe, amekifunga kwa gazeti. Nusu ya kwanza ilikuwa na mashairi yake. Nusu ya pili ilikuwa nyeupe.

"Wakaguzi walisema ama hivi, ama hakuna kitabu," Kiumars alisema.

"Uliahidi," Nuriya alisema.

"Niliahidi, shemeji."

Jubair alizipapasa kurasa zake. "Karatasi nzuri," alisema.

Nuriya alikichukua kitabu, akazikamua zile kurasa nyeupe juu ya birika mpaka likajaa, akachemsha kahawa. Kiumars alikunywa, asitikise kikombe. Akamiminiwa tena. Mikono ilianza kumtetemeka kwa kahawa nyingi, akakishika kikombe kwa yote miwili kisije kikatikisika. Jubair alimtazama.

Kurasa zilipokauka, Nuriya alikwenda bombani. Maji yalikuwa ya chumvi. Akachemsha hayohayo, akammiminia Kiumars.