Taa ya Vifaranga Juu ya Matumbawe

Mlio na mabinti walioajiriwa majumbani, sikieni yaliyompata Nyamvula wa Junda.

Binti yake, Dama, alifanya kazi Nyali kwa Bi. Winfred, mwenye tangi la kioo lenye maji ya bahari na matumbawe hai, yamekolea rangi kama leso mpya. Bi. Winfred akasafiri. Kesho yake taa ya tangi ikaungua, matumbawe yakajikunyata. Dama akampigia mamake.

"Mama, nimwambie?"

"Umwambie ufukuzwe? Nyamaza, naja."

Nyamvula alipitia kwanza dukani kwa Faki, muuza taa wa Kisauni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nipe taa ya matumbawe."

Faki akacheka. "Hiyo sina, wallahi. Yale yataka mwanga wa buluu, tena kwa kipimo. Muulizeni mwenyewe alitumia gani."

"Mimi nimelea vifaranga kwa taa nyekundu tangu wewe hujazaliwa. Kinachojikunyata kina baridi."

"Mama, vifaranga hawaishi majini!"

"Nipe nyekundu, usinisomeshe."

Mama na binti waliitundika kesho yake asubuhi, karibu kabisa na maji. Alasiri Nyamvula alitia kidole. Maji yalikuwa vuguvugu, ya kuogeshea mtoto mchanga. Samaki wawili walielea ubavu. Ngozi laini ya matumbawe ilikuwa ikibambuka, na chini yake mifupa, myeupe pe.

"Uwi, mama! Tumeyapika!"

Dama alizima taa, akakimbilia barafu. Nyamvula akamnyang'anya simu. Akabonyeza namba ya Bi. Winfred.

"Bi. Winfred, ni mamake Dama. Taa yako iliungua, mimi nikaweka ya kuku. Mtoto hana kosa, nakuomba."

"Iliungua lini?"

"Jana."

"Mama, giza la siku mbili tatu haliyaui! Ningetuma fundi jana hiyo hiyo. Mbona mlinificha?"

"Sasa maji yamepata moto, na Dama kaleta barafu," Nyamvula alisema.

"Msitie barafu. Yapozeni maji kwa upepo, polepole. Nikirudi nitaongea na Dama."

Simu ikakatika. Dama alikuwa amesimama na bakuli la barafu, machozi yakimchuruzika.

"Atanifukuza, mama?"

"Sijui, mwanangu."

Nyamvula alivua leso yake mabegani, akampa Dama pembe mbili, akashika mbili juu ya tangi.

"Pepea," alisema. "Pepea tu."