Mkwe Wangu Aliongea na Mbuzi

Mwanangu Dorah aliponipigia simu kuniambia kwamba amepangiwa kazi katika zahanati ya kijiji chetu, nilimwambia arudie, nikidhani sijasikia vizuri. Kijiji chetu cha Murwanga kiko kusini mwa Musoma, kule ambako nchi kavu inaingia ziwani kama ulimi na barabara ya vumbi inaishia kwenye mwalo wa dagaa, pale mitumbwi inapoegeshwa. Vijana wanaondoka huko, hawarudi. Mimi nilirudi kwa sababu nilistaafu ubibi shamba Bunda, nikiwa na diploma yangu ya kilimo na mashamba ya marehemu mume wangu yamejaa magugu. Lakini muuguzi kijana, mwenye ajira yake Dar es Salaam, arudi kwa hiari? Nilimuuliza kama amegombana na mtu. Akasema hapana, ameomba mwenyewe, zahanati imekaa bila muuguzi muda mrefu mno na yeye amechoka kusikia habari hizo kwenye simu.

Niliona fahari, sitaficha. Kisha akaongeza kwamba anakuja na Alfonsi.

Alfonsi ni mumewe. Ni fundi wa friji, kazaliwa Temeke, kakulia Temeke, na ziwa alikuwa hajawahi kuliona. Mimi nilikuwa nimemwona siku ya harusi tu, kwa mbali, kama inavyotakiwa.

Hiyo "kama inavyotakiwa" niieleze. Kwetu mwanamume na mama wa mke wake hawagusani. Hawali sahani moja, hawakai benchi moja, na wakikutana njiani mmoja anapisha. Si uadui. Ni heshima, tena heshima yenye akili, maana imeokoa ndoa nyingi zisiharibiwe na midomo ya mama wakwe, na wangu umo.

Basi wakaja na kirikuu kilichobeba godoro, friji na masanduku ya vifaa. Uani kwangu walikuwepo akina mama wa jumuiya waliokuja kuwapokea, pamoja na Mzee Masatu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, ambaye ndiye msemaji wa ukoo. Nilikuwa nimeshika ungo wa dagaa. Gari halijasimama vizuri, Alfonsi akaruka chini, akanijia mbio huku anacheka, akanikumbatia.

Nilikauka kama nguzo. Dagaa wote walimwagika. Akina mama walifunika midomo, na mmoja wao akauliza, kwa sauti ya kusikika, kama huko Dar ukioa binti unapewa na mama yake.

Mzee Masatu hakucheka. Alimtazama kijana kutoka viatu hadi nywele, akasema, "Kwetu hatufanyagi hivyo," akachukua fimbo yake akaondoka kabla chakula hakijaletwa.

Kuanzia siku hiyo Alfonsi alikuwa na makosa mawili. La kwanza ni kumkumbatia mkwe. La pili ni kuhamia kwao na mke, jambo ambalo wanaume wa huku wanaliona kama kuolewa. Walimpa jina la Bi Harusi. Wavuvi wa dagaa wanatumia taa za sola, na taa hizo zinakufa kila mara kwa sababu ya maji. Fundi alikuwa hapo hapo kijijini, lakini walikuwa tayari kuzipeleka Musoma mjini kuliko kumpa yeye. Kila asubuhi alishuka mwaloni kwa pikipiki yake na sanduku lake la vifaa, na kila mchana alirudi nalo bila kulifungua.

Dorah si mtu wa kulialia. Hilo amelitoa kwangu. Jioni moja, tunachambua mboga, aliniambia wazi kwamba anasubiri mpaka mvua za vuli ziishe. Kama hadi hapo mumewe bado anaitwa Bi Harusi, ataomba uhamisho warudi Dar, na mtoto aliye tumboni atazaliwa huko huko. Nilimwambia amfundishe mumewe adabu za huku. Akasema anajifunza, tena anajifunza sana.

Alijifunza kweli. Nikiwa jikoni, alizunguka nyumba nzima ili asipite mlangoni. Akikaribia uani alikohoa kama mgonjwa wa kifua. Akinikuta njiani alitoka kwenye njia akaingia majanini, akanipa mgongo, akabaki hivyo mpaka nipite. Akitaka kuniambia jambo alimwambia Dorah aniambie, hata kama sote watatu tupo mahali pamoja.

Tatizo lilikuwa pale Dorah anapokuwa zahanati. Hapo ndipo alipomgeukia mbuzi.

Nilikuwa na mbuzi mmoja tu, jike mwenye sikio moja jeupe, niliyemnunua mnadani Butiama. Alikuwa anashinda amefungwa kamba uani kwa sababu alikuwa na tabia ya kuiba mihogo ya majirani. Siku moja nikiwa nafagia nikasikia kikohozi, kisha sauti ya Alfonsi kutoka nyuma ya choo:

"Mbuzi, mwambie mama bati la jikoni nimeshalikaza, halitavuja tena."

Nilisimama na ufagio mkononi. Mbuzi alikuwa anatafuna. Nikaona hapa kuna mawili, nicheke au nijibu. Nikajibu.

"Mbuzi, mwambie asante. Na chakula chake kiko chini ya kawa, kina samaki furu."

Ikawa ndiyo posta yetu. Mbuzi, mwambie mama ndoo zimejaa. Mbuzi, mwambie huyo kijana avae kofia, jua la huku halimjui. Akina mama waliokuwa wanapita kwenda ziwani walisimama kusikiliza, na waliyapeleka hayo maneno mwaloni kwa kuyaongezea chumvi. Walicheka, ndiyo, lakini baadhi yao walianza kusema kwamba waume wa binti zao, waliozaliwa hapa hapa, hawana hata robo ya heshima hiyo. Mzee Masatu aliposikia alisema heshima ya kuigiza haina uzito, na Bi Harusi akabaki Bi Harusi.

Na mimi, kwa siri yangu, nilikuwa nimeanza kusubiri kile kikohozi.

Mvua za kwanza zilikuta bado nina mihogo kule mlimani, kwenye shamba lenye mawe. Nilikwea mlima peke yangu, maana Dorah tumbo lilikuwa limekua na nisingemruhusu hata angetaka. Nilijaza tenga, nikajitwisha, nikakanyaga jiwe lililolowa. Niliusikia mfupa wa kifundo cha mguu kabla sijausikia uchungu wake. Nilianguka na mihogo yote, na nilipojaribu kusimama mguu ukanikatalia.

Nilipiga kelele. Huwa sipigi kelele, kwa hiyo nadhani zilitoka nzuri, kwa sababu pikipiki iliyokuwa inapita chini ikazimwa. Alikuwa Alfonsi, anatoka mwaloni na sanduku lake. Alipanda mbio mpaka ukingo wa shamba. Aliponiona niko chini, akasimama. Akanigeuzia mgongo.

Mbuzi hakuwepo. Alitafuta kwa macho, akaona shina la muhogo.

"Muhogo," akasema, "muulize mama ameumia wapi."

Nimeambiwa mengi maishani. Bunda wakulima wa pamba walishaniambia usoni kwamba mwanamke hawezi kuwafundisha kupulizia dawa, na msimu uliofuata wakaja kunitafuta. Lakini sijawahi kulala juu ya mawe, mguu umepinda, nikimsikiliza mwanamume mzima akizungumza na muhogo.

"Alfonsi," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza namwita jina lake. "Muhogo hauna mgongo. Wewe unao. Njoo unibebe."

"Mama, siruhusiwi. Nakimbia kumwita Dorah."

"Dorah atanibebea wapi, juu ya tumbo?"

"Baba mkubwa akisikia nimekugusa tena, basi. Hapa sitakaa."

Niliona kwamba huyu kijana haogopi kunibeba. Anaogopa kufukuzwa. Alikuwa amejenga kila kitu chake juu ya ile adabu, na mimi nilikuwa namwambia aibomoe kwa mkono wake.

"Sikiliza," nikamwambia. "Hiyo heshima unayoilinda si ya Masatu. Ni yangu. Na mwenye nayo ndiye anayekuagiza. Geuka."

Akageuka. Jasho na machozi vilikuwa vimechanganyika, sikutaka kujua kipi ni kipi. Aliufunga mguu wangu kwa kanga yangu na vijiti viwili vya mihogo. Kisha akavua koti lake zito la pikipiki, akalitandaza mgongoni mwake, ili kati yangu na yeye iwepo nguo. Hakuna aliyemfundisha hilo. Alilibuni mwenyewe pale pale. Akachuchumaa, akanibeba, na mimi si mwepesi.

Kufika kwenye pikipiki akaniambia kuna njia ya pembeni, ya ufukweni, ambayo haina watu. Ilikuwa siku ya gulio na njia kubwa inapita katikati. Nilimwambia apite katikati, tena taratibu.

Tukapita. Nilikuwa nimemshika kiunoni, mguu unaning'inia, kichwa nimekiinua. Watu waliacha kupima dagaa. Mwanamke mmoja alibaki na kisado hewani. Niliwasalimia wote, upande huu na upande huu, kama bibi harusi halisi. Mzee Masatu alikuwa amekaa mbele ya duka; alisimama. Nikamwambia Alfonsi asimamishe pikipiki.

"Shemeji," nikasema, "mkwe wangu ananipeleka kutibiwa. Ukitaka kuita kikao, nitakuwepo nikirudi."

Dorah aliniwekea gango, akaniandikia rufaa, nikapelekwa Musoma mjini, nikarudi na plasta hadi karibu na goti na magongo ya kutembelea. Kikao kiliitwa, kama nilivyotarajia. Walikuja wazee na shangazi za ukoo, wakakaa kwenye varanda yangu. Alfonsi alikaa mwisho kabisa, amenipa mgongo. Dorah alisimama mlangoni amekunja mikono, na kwa jinsi alivyomtazama baba yake mkubwa nilijua kwamba fomu ya uhamisho iko kichwani tayari.

Mzee Masatu aliongea kwa upole, lazima niseme. Alisema anafurahi mimi ni mzima. Lakini mila ni mila, na aliyemgusa mkwe wake anatoa mbuzi, wazee wanamla, jambo linakwisha. Alfonsi akaanza kusema kwamba yuko tayari. Niligonga gongo sakafuni.

"Hakunigusa kwa utashi wake," nikasema. "Alikataa. Alikuwa ananiongelesha kupitia muhogo huku mimi ninakufa kwa maumivu. Niliyevunja mila ni mimi, niliyemwamuru. Kwa hiyo mbuzi natoa mimi, na anayepokea ni yeye."

Mzee Masatu akasema katika maisha yake hajasikia mama mkwe akimpa mkwe wake mbuzi.

"Na mtu kuongea na muhogo ulishasikiaga?"

Shangazi mmoja alianza kucheka, akajificha kwenye kitenge, mabega yakamsaliti. Wengine wakafuata. Mzee Masatu alisubiri wamalize. Akafikiri. Kisha akasema kwamba mtu anayepewa mbuzi kutoka zizi la nyumba hii hawezi kuwa mgeni wa nyumba hii, na kama mimi nalijua hilo na bado natoa, basi yeye hana la kuongeza. Alimwambia Alfonsi aende akamfungue mbuzi wake.

Wote tulijua ni mbuzi gani, maana nina mmoja tu. Alfonsi alikwenda, akashika kamba. Kisu kilikuwa kimeshaletwa, maana wazee walikuwa bado wanasubiri kula. Akasimama pale anamtazama yule mnyama mwenye sikio jeupe, na mnyama anamtazama yeye, anasubiri ujumbe.

"Mbuzi," akasema, "waambie wazee wanisamehe. Siwezi kukuchinja. Wewe ndiye uliyenifikisha hapa."

Mzee Masatu alicheka mpaka akashika goti. Sijamwona akicheka hivyo tangu tulipomzika mdogo wake. Alipopata pumzi alisema kweli, mshenga hachinjwi, akaagiza majogoo mawili kutoka kwake mwenyewe.

Asubuhi yake alikuja kabla ya chai, amebeba taa mbili za dagaa zilizoingia maji. Hakuingia ndani. Aliziweka kwenye mlango wa chumba cha uani wanamokaa Alfonsi na Dorah, akabisha kwa fimbo, akasema, "Mwanangu, hebu niangalizie hizi." Nilikuwa dirishani. Nilisikia vizuri alivyomwita. Dorah naye alisikia, akaingia jikoni akapiga kelele na masufuria bila sababu yoyote.

Mvua za vuli zimekwisha. Hakuna aliyeomba uhamisho. Mlango wa Alfonsi sasa umejaa taa mpaka napata shida kupita na magongo yangu, na mwaloni wanamwita Fundi. Wazee walisharuhusu aongee nami uso kwa uso, maana mbuzi alitolewa. Yeye hajaitumia ruhusa hiyo, na mimi sijamlazimisha.

Leo alfajiri nikasikia kikohozi uani. Alikuwa anatoka zahanati, alikokuwa Dorah na mkunga tangu usiku, mbio, viatu vimejaa vumbi.

"Mbuzi," akasema, "mwambie mama ni wa kike. Na kilio chake ni kama cha mama siku ile mlimani."

Nikafungua dirisha.

"Mbuzi, mwambie baba mtoto awashe pikipiki. Na koti lake alivae tu, siku hizi halina kazi nyingine."