Uwakili wa Mke Mdogo

Mwanapili alikuwa na wivu, na hapa hatumsingizii, kwa maana mwenyewe hakukana. Tangu Mzee Matano alipomwoa Twaiba, harufu ya samaki wa kupaka ikivuka ua kutoka nyumba ya mke mdogo, yeye chakula chake hakishuki. Alikwisha kumshitaki Twaiba kwa sababu ya kanga, kwa sababu ya nazi, hata kwa sababu ya kuku aliyejifia kwa kideri. Kijiji kizima cha Kinondo kilimzoea. Akifungua kinywa, watu humwitikia kwa adabu kisha wakatazamana.

Lakini kilichomkereketa zaidi ni ile hati ya uwakili. Matano alipopofuka kwa presha ya macho, alihitaji mtu wa kulisimamia shamba la minazi alilorithi kwa babake, atie saini na aseme kwa niaba yake. Akamchagua Twaiba, eti kwa kuwa amesoma. Na aliyelipalilia shamba lile na mtoto mgongoni, mwaka baada ya mwaka, ni Mwanapili. Hakuulizwa hata shauri. Basi ilimuuma, ikamuuma, ikawa haishi kumuuma.

Asubuhi moja alikwenda shambani kuokota makuti, akamkuta Twaiba amesimama na dalali wa viwanja kutoka Ukunda. Vijana walikuwa wakichimbia bikoni za saruji za kuonyesha mipaka. Shamba zima lilikuwa limekatwakatwa viwanja, na baadhi ya minazi ilikwisha kuangushwa. Twaiba wala hakushtuka.

"Kamwambie Mzee, bi mkubwa," alisema. "Nani atakayekuamini wewe?"

Hapo ndipo alipomchoma, kwa sababu ilikuwa kweli.

Mwanapili aliingoja zamu yake, Matano ahamie kwake. Alipomaliza kunywa chai, akamweleza. Mzee akacheka, akamuuliza safari hii ni kuku gani aliyekufa. Mwanapili alimshika mkono, akamwongoza mpaka shambani, akamwinamisha hadi vidole vyake vikagusa bikoni ya kwanza. Matano akaipapasa pande zote. Akamwambia ampeleke penye mnazi wa babake, ule wa pembeni mwa kisima, na pale mikono yake ikakuta kisiki ambacho bado kilikuwa na majimaji. Alichuchumaa pale mpaka Mwanapili akaanza kumwonea huruma, na huruma hiyo nayo ikamkasirisha.

"Sasa wataka nimvue Twaiba uwakili nikuvike wewe," alisema mwishowe.

Ee, alitaka. Tena sana. Alikwisha kujiona mara ngapi jina lake liko katika hati ile, na Twaiba anakuja kwake kwa unyenyekevu kuomba ruhusa ya nazi mbili za kupikia. Lakini alijua kuwa akiitikia tu, kisiki na bikoni vyote vitageuka kuwa wivu wa Mwanapili, na shamba litakwenda.

"Usinipe mimi," alisema. "Mvue tu. Usimpe mtu."

Kesho yake walipanda tuktuk hadi Ukunda, kwa wakili mmoja binti wa bara aitwaye Faith. Faith alitazama rekodi za ardhi, akawaambia wamshukuru Mungu, shamba bado lina jina la Mzee. Kisha akamwomba Mwanapili atoke nje, maana mwenye mali husema peke yake, bila mtu wa kumkoholea pembeni. Mwanapili akakaa kwenye benchi roho juu, akiwa na hakika kwamba mle ndani mumewe anamtaja Twaiba kwa huruma. Alipoitwa, Matano alikwisha kusomewa hati ya kubatilisha uwakili na kutia kidole. Faith akaeleza kwamba hati itasajiliwa Kwale, ilikosajiliwa ile ya kwanza. Dalali ataandikiwa, na Twaiba naye atapelekewa barua ajue kuwa hana tena kauli juu ya shamba.

Mwanapili aliomba aipeleke yeye barua hiyo. Hata leso ya kuvaa siku hiyo alikwisha kuichagua.

"Hapana," alisema Matano. "Nipeleke kwake sasa hivi. Asiyasikie haya kwa barua."

"Leo ni zamu yangu."

"Najua. Nakuomba."

Akampeleka. Afanyeje? Alimwingiza hadi ukumbini, akatoka akakaa barazani, na mlango hakuufunga. Alimsikia Matano akisema yote, bila kuzungusha maneno: bikoni, kisiki, hati. Twaiba akaanza kulia, na Mwanapili akafurahi, tena furaha ya kumjaa kifua. Alitamani kilio kile kisikike mpaka Diani.

Kisha akamsikia mumewe akisogeza kiti.

"Nyamaza, mama," Matano alisema. "Niliyoifuta ni karatasi. Wewe sijakufuta."

Shamba lilikuwa limepona. Mwanapili alibaki pale barazani akisikiliza, na sauti ile aliyokuwa akibembelezwa nayo mke mwenzake, yeye katika ndoa yake yote hakuwahi kusemeshwa nayo.